Mikono Mitatu Katika Filamu Moja

Fundi wa picha za mifupa wa hospitali ya Kasongo amefariki. Habari nimeletewa na muuza chumvi aliyepita hapa Wamaza kwa baiskeli, naye aliitaja baada ya kumaliza habari za mvua. Mazikoni, alisema, walikuwa watu sita pamoja na wachimba kaburi. Sita! Na watu wote wa mji ule fundi aliwaona hadi mifupa.

Nilimjua kwa ajili ya mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na miaka mitatu mkono wake wa kushoto ulipovimba. Daktari Mbelgiji alitazama filamu, akaona mfupa umelika, akasema ni usaha wa ndani, vidole viwili vikatwe. Kwetu kiungo kizima hakionyeshwi dawa, kisije kikauita ugonjwa. Basi mama alikuwa ameufunga mkono wa kulia kwa kitambaa, na daktari hakujua kwamba nao uliwahi kuvimba ukanywea. Fundi alikigusa kile kitambaa, mtoto akashtuka. Akaomba apige picha mikono yote miwili. Mama akakataa katakata. Hapo fundi akavua glavu zake nzito za kuzuia miale ya mashine, akaweka mkono wake mtupu mezani.

"Mama, ugonjwa ukitafuta mukono, utakuta wangu kwanza."

Mama akacheka bila kupenda, akafungua kitambaa, na fundi akaishika mikono ya mtoto kwa mkono ule mtupu picha ilipopigwa. Filamu ilipotoka, mifupa ya kulia ilikuwa na madoa yaleyale ya kushoto. Daktari alipoona ugonjwa umeishika mikono yote miwili sawasawa, akasema shida iko katika damu, kisu hakitasaidia kitu.

Watoto wote aliwashika hivyo, maana glavu ziliwaliza. Miaka ikapita, miale ile ikamla vidole. Vidonda havikupona, watu wakadhani ni ukoma, wakaacha kumpa mkono. Akawa anakula peke yake. Nami nilipita Kasongo mara tatu, sikubisha hodi kwake. Niliviogopa vidonda vyake, na leo naona haya.

Mdogo wangu aliishi miaka minne zaidi na vidole vyake kumi, mpaka damu yake ilipomshinda. Picha ya uso wake sina. Ninayo filamu ile tu: mikono yake miwili midogo, na katikati mkono mpana wa mwanamume. Msomaji wangu, kama yuko mtu aliyewahi kukushikia mtoto, nenda kamwamkie angali hai, na umpe mkono hata kama wake una vidonda. Mimi jana niliweka wangu juu ya filamu, nikakuta ni baridi.