Mshika Kamba Asiyesikia Filimbi

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote za Kindu ya utoto wangu ni ya filimbi, na ninaikumbuka kwa sababu ya ukimya ulioifuata. Ilipulizwa asubuhi katika uwanja wa shule yetu ya sekondari, bendera ya kijani yenye mkono ulioshika mwenge ilipoanza kupanda mlingotini, na kila aliyeisikia alipaswa kusimama palepale alipo. Baiskeli zilisimama barabarani. Akina mama waliokwenda sokoni na beseni za sombe, majani ya muhogo, vichwani walisimama, maji yakiwachuruzika shingoni. Hata mlevi alisimama, kwa kadiri alivyoweza. Hewa ilinuka muhogo uliolowekwa na moshi wa karakana ya reli, na katika ukimya ule ungeweza kusikia mto ukipita. Nimezeeka sasa, na magoti yangu hayapendi kusimama, lakini nikisikia filimbi bado nasimama kabla sijafikiri. Kinachoingia mwilini utotoni hakitoki upesi.

Kaka yangu Ramazani hakuisikia filimbi ile. Alizaliwa na masikio mazima, akajifunza Kurani kwa sauti nzuri kutushinda sote chuoni, kisha homa ya uti wa mgongo ikamlaza hospitalini kwa muda mrefu. Alipopona, masikio yalikuwa yamefungwa. Baba yetu alikuwa fundi wa karakana ya reli, na alfajiri aliadhini katika msikiti mdogo wa mtaani kwetu kwa sauti iliyofika mtoni, lakini mwanawe wa kwanza hakuisikia tena. Sikumwona Baba akilalamika. Alisema Mungu alikuwa na uwezo wa kumchukua mtoto mzima naye akachukua masikio tu, basi tushukuru. Ramazani aliendelea kusema vizuri, na mtu akimgeukia mahali penye mwanga aliyasoma maneno midomoni mwake. Alifaulu mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na kwa kuwa ugonjwa ulimchelewesha, tuliingia sekondari pamoja, yeye na mimi dada yake mdogo, tukaketi dawati moja.

Vitabu havikuwepo. Mwalimu ndiye aliyekuwa kitabu: alitembea kati ya madawati akisema somo kwa Kifaransa, nasi tukiandika, naye akifika nyuma ya darasa Ramazani hakuwa na mdomo wa kusoma. Alibaki kunakili kutoka kwangu, na makosa yangu yakawa yake. Wenzetu, wakichukua methali ya sikio la kufa ambalo halisikii dawa, walimpa jina. “Sikio la Kufa, mwalimu anakuita!” walimwonyesha kwa mikono, na yeye akasimama bure mbele ya darasa zima. Hakukasirika sana. “Miye nalala muzuri kuliko ninyi wote,” alisema. “Jogoo ya mutaa hata moja haiwezi kuniamusha.” Mimi ndiye niliyekasirika kwa niaba yake, nikachoka mapema.

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya lazima, na tulikusanyika uwanjani na majembe na mapanga. Ramazani alikuwa ametumwa kisimani, akirudi na ndoo begani huku mlingoti ukiwa nyuma yake. Filimbi ikalia. Sote tukaganda, na katika ukimya ule zikasikika kandambili za kaka yangu peke yake, pa, pa, pa, akikatiza uwanja, akiimba kidogo chini ya pumzi. Sikuweza kumshika, kwa kuwa kunyoosha mkono kulikuwa kosa lilelile. Alipotua ndoo na kugeuka, aliona shule nzima ikimtazama. Kiongozi wa vijana wa Chama tawala, mwanafunzi wa mwaka wa sita, tayari alikuwa amemshika ukosi wa shati.

Baba aliitwa kwa mkuu wa shule, tuliyemwita perefe, mtu mpole wa Kasai aliyekuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. Nilisimama mlangoni na Ramazani, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimrudia Ramazani maneno. “Sitwayen,” alianza perefe, maana hivyo ndivyo tulivyoamriwa kuitana, raia kwa raia, “mutoto wako ametembea mbele ya bendera. Habari ikifika kwenye Chama, atafukuzwa. Na mimi pia nitaulizwa.”

“Hasikie, sitwayen perefe,” alisema Baba. “Njo vile Mungu amemuacha.”

Kiongozi wa vijana, aliyesimama kando ya meza, akadakia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. “Kama hasikie, anafanya nini mu shule? Kazi ya kushona viatu iko.”

“Iko, mutoto wangu,” Baba akamjibu polepole, akimtazama miguuni. “Na hivi vyako, ulijishonea mwenyewe?”

Perefe alikaribia kucheka, akajizuia. Alitazama dirishani, kule uliko mlingoti, kisha akasema, “Kuanzia Jumatatu, yeye njo atashika kamba.” Hatukuelewa mara moja. Kiongozi wa vijana ndiye aliyeelewa kwanza. Mkono unaopandisha bendera hauwezi kushtakiwa kwamba unaidharau, na filimbi ingengoja mpaka mkono ule ushike kamba.

Jumatatu nilikuwa na hofu iliyonikosesha uji, kwa sababu bendera ilitakiwa kufika juu wimbo unapokwisha, naye wimbo hakuusikia. Lakini mwenye kuimbisha alisimama mbele yake, na Ramazani akamkazia macho, akivuta polepole kwa kufuata mdomo na mkono wa yule mwenzake. Bendera na neno la mwisho vilifika pamoja. Waliomwita Sikio la Kufa walisimama wima wakingoja mikono yake ishuke. Nje ya ua, Mama alikuwa amesimama na beseni lake kati ya wanawake wengine. Alisema tu, “Alhamdulillahi,” akaenda zake sokoni.

Hapo ndipo shule ilipoona kwamba shida imekwisha. Wageni wakija, Ramazani alionyeshwa: tazameni, hatukumtupa. Darasani mwalimu aliendelea kutembea na kumpa mgongo. Ndipo Baba akachukua kuku na mchele mpya, akarudi kwa perefe, nami nikafuatana naye. “Asante kwa kamba,” alisema baada ya salamu ndefu. “Na somo je?” Baba akaendelea kwa sauti ileile ya chini: “Pale mulingotini anaona sura ya mwenye kuimbisha, wanafika pamoja. Mu klasi wanamupa mugongo. Atafika na nani?”

Perefe aliwaita walimu, wakapanga jambo dogo kabisa. Ramazani aketi karibu na dirisha, mwalimu asimame mahali pamoja na kumwelekea anaposema, na vichwa vya somo viandikwe ubaoni. Muhula ule kaka yangu alinipita katika historia na hesabu, nami nikawa ninayenakili kwake. Lakini subira ya watu ina mwisho. Mishahara ya walimu ilichelewa, ikachelewa tena. Chaki ikaisha. Mwalimu wa hesabu alikwenda mji wa Kama kutafuta dhahabu, perefe akahamishwa, na waliokuja walitembea kati ya madawati kama wa zamani. Ramazani alirudia mwaka wa tatu, akashindwa tena. Asubuhi moja alipandisha bendera, akaifunga kamba vizuri, akamwonyesha mwanafunzi mwingine fundo lake, akarudi nyumbani. Alijifunza kushona viatu. Amewalisha watoto wake kwa kazi hiyo, na namshukuru Mungu kwa kila jozi.

Bendera ya leo ina rangi nyingine, filimbi ni ileile. Mimi ni mjumbe wa kamati ya wazazi katika shule ileile, na juzi tulikutana kupanga habari ya watoto wenye ulemavu, kwa maana mwaka wa kwanza kuna binti asiyesikia. Tulizungumza tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mlango utapanuliwa, ukuta utapakwa rangi, na binti yule atawapa wageni maua. Nilisimama nikasema mwalimu asimpe mgongo anapofundisha. Mwenyekiti akasema, “Asante, mama, ni jambo zuri,” akaliweka mwisho, na tulipofika mwisho watu walikuwa na njaa.

Nilipita kibandani kwa Ramazani. Aliweka kiatu chini, akasogeza kigoda chake anielekee, kama afanyavyo siku zote. “Wameamua nini?” akauliza. Nikamweleza mlango, nikamweleza rangi, nikamweleza maua. Alitikisa kichwa taratibu, mvi zake zikiwa na vumbi la ngozi.

“Na somo je?” akasema.

Niligeuza uso wangu kwenye mwanga ili anione vizuri, nikamwambia kwamba Jumatatu, Mungu akipenda, nitarudi shuleni kuuliza.