Televisheni Iliyoniangukia Nikimfunika Mama

Wamama wenzangu, wenye sauti wameshaimba. Mimi sina sauti, nitasema tu, na nikilia mnivumilie.

Mnanijua. Kabla ya haya nilikuwa mtu wa mbio. Asubuhi kazini kuwaogesha wazee, jioni madukani Bankstown kutafuta mihogo, kisha narudi kwangu Guildford kwenye kelele na kicheko. Kuumwa nilikuwa sikujui. Bwana yangu, Baba Neema, kule kwetu Uvira, kabla hatujahamia huku ng'ambo, alikuwa mwashi. Korona ilipotufungia ndani na ibada zikahamia kwenye simu, tulinunua televisheni kubwa, akaitundika mwenyewe ukutani. Juu kabisa, kama tulivyozoea kwetu, ili hata aliyekaa nyuma aone. Nikamwuliza, "Itashika?" Akacheka. "Mama Neema, nimejengea watu nyumba! Ukuta ni ukuta."

Kumbe sivyo. Kwetu ukuta ni tofali. Huku ni jipsamu, ubao laini kama biskuti, na nyuma yake hewa. Baba Neema alikaza skurubu zake kwenye hewa.

Halafu mama yangu akafa. Mipaka imefungwa, ndege hakuna. Na katika ukoo wetu, binti wa kwanza ndiye anayemfunika mama uso kabla sanduku halijafungwa. Binti huyo ni mimi. Asipomfunika, wanasema mama anaondoka na kinyongo.

Mdogo wangu Bahati alinipigia video kutoka Uvira. Binti yangu Neema akairusha picha kwenye televisheni, akasimama nyuma yangu na simu ili wa kule nao wanione. Bahati akasogeza simu yake juu ya sanduku. Uso wa mama ukajaa ukutani kwangu, mkubwa kuliko alipokuwa hai. Pamba puani.

"Dada," Bahati akasema, "muage mama."

Nifanye nini? Nikafungua kitenge nilichojifunga, nikapanda juu ya kiti, nikakitandaza kwenye televisheni, nikamkumbatia mama yangu kwa mikono miwili. Nilimlalia, jamani. Nikasikia ukuta unachanika. Neema akapiga kelele nishuke, "Mum, get down!", simu ikamponyoka. Mama akanijia, na kitenge chake usoni.

Pua ilivunjika. Mfupa wa mtulinga, huu wa chini ya shingo, ulikatika, nikauona unasukuma ngozi kutoka ndani. Damu ilinijaa mdomoni, nikawa naimeza. Waliokuja na ambulensi walikuwa wamefunikwa mwili mzima, yanaonekana macho tu, nikadhani nimeshafika waliko wafu. Hospitali hakuruhusiwa mtu kunifuata. Daktari alizungumza nami kupitia mkalimani wa simu. "Mfupa utaungana," alisema. "Lakini ubongo umetikisika. Unahitaji giza na kupumzika."

Giza! Nikifumba macho tu, mama anashuka. Nilitapika mpaka nyongo. Sikio la kushoto likawa linavuma mchana na usiku.

Nyumbani ndiko kulikonimaliza. Shangazi ya bwana yangu, yule wa Bankstown, akanipigia. "Mke wetu, mama yako ameikataa kwaheri yako. Nani aliwahi kumzika mzazi kwenye televisheni? Ana hasira, ndiyo maana amekuangusha." Baba Neema alikuwa amekaa palepale, anasikia yote. Akanyamaza.

Tangu hapo sebule nikaihama. Nilikuwa nasikia kitu kinagonga ndani ya ukuta. Bahati akipiga simu, akitaja tu mazishi, nakata. Niliogopa ataniambia kwamba mama alizikwa uso wazi kwa sababu yangu. Nilikonda, wamama. Mfupa ulishaungana, lakini kunyanyua kijiko ilikuwa kazi.

Siku moja Baba Neema akaja chumbani. "Njoo sebuleni."

"Siji."

"Njoo, mke wangu."

Akanishika mkono, akakiingiza kidole changu katika tundu moja la skurubu. Kidole kikaingia chote, hakikugusa kitu. Baridi tu.

"Humu hamna mtu," akasema. "Mama mkwe hajakufanya kitu. Ni mimi niliyekosea, na niliona haya kusema."

Mnadhani nilifurahi? Nililia kuliko siku ya mazishi. Maana kama ni skurubu, basi mama hakunikasirikia, namshukuru Mungu. Lakini pia hakuja. Na mimi nilikuwa nimeshamzoea ndani ya ukuta ule, hata kwa kumwogopa.

Baada ya kilio hicho nililala. Nikaanza kula. Kichwa kikatulia kidogo kidogo.

Sasa nawaomba. Gonga ukuta kwa ngumi kwanza. Pakilia kama ngoma, ni patupu, usitundike hata rafu ya vikombe. Gonga ukisogea mpaka usikie sauti nene, ujue hapo ndani pana nguzo ya mbao, skurubu ndefu ziingie hapo. Na kabla televisheni haijapanda, mwambie bwana akivute kwa nguvu zote kile chuma cha ukutani kinachoishikilia. Alipoitundika upya, Baba Neema alivuta mpaka jasho likamtoka, nikacheka kwa mara ya kwanza. Na mtu akikuambia marehemu amekukasirikia, mwambie aje kwanza atie kidole kwenye tundu.

Namshukuru Mungu, nawashukuru nyinyi mlioniachia uji mlangoni. Nimepona. Ila nikipita sebuleni bado nagonga. Najua ni mbao. Nagonga tu.

Bahati nilimpigia siku ileile ya tundu. Nikamwuliza nani alimfunika mama uso.

"Dada, unaniuliza mimi? Si ni wewe? Sote tulikuona ukitandaza kitenge, kisha picha ikapotea. Baba mdogo akasema, basi, binti yake ameshamfunika. Ndipo tukafunga sanduku."