Mtani wa Mbiafra

Mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo nina haki ya kumtukana Mzaramo yeyote, hata akiwa msibani kwa mama yake. Nasema mapema ili msomaji asinione mtovu wa adabu. Nilipohamishiwa Mlandizi mwaka 1965 kuwa karani wa posta, mtu wa kwanza kunipokea alikuwa Bi Siwema, mjane wa Kizaramo kutoka Chole ya Kisarawe, mwenye nyumba ya vyumba vinne nyuma ya soko. Nilipomtajia kabila langu aliangua kicheko.

"Mpagazi! Mzigo umeutua wapi?"

Nikamjibu kwamba nimeutua njiani baada ya kusikia huku hakuna kazi, watu wanacheza ngoma tangu Ijumaa mpaka Ijumaa. Siku hiyo hiyo nikapata chumba, chakula, na dada wa kunigombeza. Ndivyo utani ulivyo. Babu zetu walipita huku na misafara, wakagombana na babu zake, wakauziana, wakazikana, na sisi wajukuu tukarithi ruhusa ya kuambiana ukweli bila kununiana. Akifa Mzaramo, mimi ndiye ninayeingia matangani na kuwaambia wafiwa kwamba marehemu alikuwa mlafi na wao ni wavivu, waamke wakalime. Wakicheka, matanga yamekwisha.

Mpangaji wa chumba cha pili alikuja Januari 1966. Jina lake Benedikti Nwosu, mwalimu wa sayansi katika shule moja ya sekondari upande wa Kibaha, mtu mrefu, mpole, mwenye shati jeupe siku zote. Alitoka Nigeria ya Mashariki, ni Mwibo kwa kabila. Mkewe, Ifeoma, na binti yao wa miaka miwili, Ngozi, walikuwa wamfuate mwisho wa mwaka. Alikwisha nunua kitanda kidogo cha mtoto kwa fundi wa hapo Mlandizi, kikakaa ukutani kikisubiri.

Hawakuja. Mwaka huo Waibo waliokuwa wakiishi kaskazini mwa nchi yao waliuawa kwa maelfu, na walionusurika wakakimbilia kwao mashariki. Mwaka uliofuata mashariki ikajitangaza kuwa nchi, ikajiita Biafra, na vita vikaanza. Ifeoma na Ngozi walikuwa ndani ya vita hivyo, kijijini karibu na Owerri. Mwalimu alikuwa Mlandizi, kwenye kiti cha kamba, na redio sikioni.

Aprili 1968 redio ikatangaza kwamba serikali yetu imeitambua Biafra. Sisi tulikuwa wa kwanza duniani. Na hapa sina budi kusimulia ujinga wetu. Uhuru wetu wenyewe ulikuja kwa bendera moja kushushwa na nyingine kupandishwa. Tulishangilia, asubuhi tukaenda shamba. Kwa hiyo watu wa Mlandizi walipoisikia habari ile waliamini mambo yamekwisha, Mwalimu kapata uhuru wake. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Hemedi, akachinja mbuzi. Ngoma ikapigwa uani. Akina mama walimpa Mwalimu mkono mmoja mmoja, "Hongera, baba, hongera kwa uhuru," na Bi Siwema akatandika shuka kwenye kile kitanda cha mtoto.

"Sasa mama watoto atafika lini?" akamwuliza.

"Karibuni, Mama," akajibu. Kwao watu walikuwa wanakufa njaa wiki hiyo hiyo. Alikula pilau yetu yote iliyokuwa kwenye sahani, akatushukuru, hakutuambia neno. Nadhani hakutaka kutuharibia sherehe.

Wakati wa vita alipata barua moja tu kutoka kwa mkewe, iliyopitia kwa mapadri. Ilisema wako hai, Ngozi amekonda, na asiache kuandika. Naye hakuacha. Kila Jumamosi alifika dirishani kwangu na bahasha, jina la mke, la kijiji, na chini kabisa kwa herufi kubwa: BIAFRA. Nyingine zilirudi, nyingine sijui zilikwenda wapi.

Januari 1970 redio ikasema Biafra imesalimu amri. Haipo tena. Mwalimu alizima redio, akatoa mkeka, akaukunjua barazani, akaketi.

Bi Siwema hakuhitaji kuelezwa. Alimpikia uji, akawaita majirani, na kwa siku tatu tulikaa naye kama mtu aliyefiwa. Siku ya tatu ikaja tatizo ambalo hakuna aliyelitazamia: nani avunje matanga? Kila mtu pale alikuwa na mtani wake. Yeye hakuwa na mtu. Tukaondoka kimya kimya mmoja mmoja, na matanga yale yakabaki wazi.

Yalibaki wazi miaka miwili na nusu. Mwalimu alifundisha, akasahihisha madaftari, akarudi, akaketi mkekani. Ndevu hakunyoa. Watu walimheshimu mno. Wakipita mbele yake walipunguza sauti, na vijana waliokuwa wakibishana habari za mpira walinyamaza mpaka wampite. Sijapata kuona mtu aliyezungukwa na heshima kama ile, wala mtu mpweke kama yeye. Mimi mwenyewe, mwenye mdomo usio na breki, mbele yake nilikuwa "Habari za kazi, Mwalimu," na "Karibu tena, Mwalimu," basi.

Na Jumamosi aliendelea kuja. Vita vilikwisha, njia zilifunguka, barua za Nigeria zilikuwa zinafika kwa wiki tatu au nne. Lakini yeye chini ya bahasha aliandika BIAFRA. Nilizipokea, nikazigonga mhuri, nikazipeleka Dar, na baada ya siku kumi na tano zikarudi zimepigwa mstari mwekundu: nchi haijulikani. Nilimrudishia. Alizitia mfukoni bila kuzitazama. Siku moja nilijikakamua nikamwambia, "Mwalimu, pengine ungejaribu anwani nyingine."

"Bwana Silvanus," alisema, "wadogo zangu wawili wamekufa kwa ajili ya jina hilo. Nikiandika lile jingine, ni mimi nitakuwa nimewaua."

Nilimwomba radhi.

Bi Siwema hakujua kusoma, wala habari za bahasha hakuzijua. Alichojua ni kwamba barazani kwake kuna msiba usiokwisha, na ulikuwa unamla na yeye. Mwanawe Salumu alikuwa Dar es Salaam, anakuja Idi mpaka Idi. Jioni, nyumba nzima ilikuwa yeye jikoni na Mwalimu mkekani, na hakuna sauti. Aliniambia waziwazi: "Nimezika mume, sikuwahi kuwa mpweke hivi. Huyu mtu kaniletea kaburi mlangoni."

Ndipo akaanza kuniulizauliza juu ya utani. Wanyamwezi na Wazaramo tulianzaje? Na wengine? Nikamweleza ninavyojua: Wangoni walipigana na watu wengi huko kusini, wakauana, na leo wengi wa hao ni watani zao. Aliacha kupepeta mchele.

"Kumbe mtani ni yule mliyepigana naye."

"Mara nyingi, ndiyo."

"Huyu alipigana na nani?"

Nikamwambia: na Wanaijeria wenzake. Akaendelea kupepeta. Laiti ningelijua anachopika kichwani.

Agosti 1972 alikuwapo daktari wa mifugo kwenye mradi mmoja wa ng'ombe upande wa Ruvu, mgeni aliyekuja kwa miezi mitatu, Daktari Garba, Mhausa kutoka kaskazini mwa Nigeria. Ijumaa aliswali msikitini hapo Mlandizi. Bi Siwema akamtuma Mzee Hemedi amwambie kwamba kuna mtu wa kwao kafiwa, aje ampe pole. Maskini ya Mungu akaja, Jumapili alasiri, na kanzu yake iliyonyooshwa vizuri, bila kujua chochote. Mimi nilikuwa chumbani kwangu nikaitwa nije kutafsiri. Nilipomwona amesimama barazani ndipo nilipojua Bi Siwema alikuwa anapika nini.

Bi Siwema alijipanga katikati yao, mikono kiunoni, furaha tupu. "Mwalimu, mtani wako huyu hapa, nimekuletea. Na wewe baba, mtukane huyu. Mtukane kisawasawa, ainuke."

Sikutafsiri. Daktari Garba alimpa Mwalimu mkono, akampa pole kwa Kiingereza, akamwuliza anatoka wapi.

"Biafra," alisema Mwalimu. Mkono hakuupokea.

Yule mgeni aliurudisha mkono wake polepole. Alitazama ndevu, akatazama mkeka. Kisha akasema, bila ukali, "Bwana, hakuna nchi hiyo."

Mwalimu alisimama. Ni mtu mrefu, nimekwisha sema, na kwa miaka miwili na nusu nilikuwa sijamwona akisimama kwa haraka. Nilijua atampiga. Bi Siwema, ambaye hakuelewa neno hata moja ila aliona uso wa Mwalimu umebadilika, alipiga makofi. "Ehee! Hivyo hivyo! Mwongeze!"

Hakumpiga. Sijui ni yale makofi, au ni kwamba kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amemwambia ukweli. Alibaki amesimama. Daktari Garba akauliza kama ana mke.

"Ninaye. Na mtoto mmoja."

"Wako hai?"

"Sijui."

"Hujaandika?"

"Kila Jumamosi."

"Juu ya bahasha unaandika nchi gani?"

Mwalimu akanitazama mimi. Na mimi nikatazama sakafu.

"Mdogo wangu amezikwa huko kwenu," alisema Daktari Garba. "Alikuwa askari. Sijui kaburi liko wapi, nimeandika kwa kila mtu, hata kwa watu wenu. Natukanwa na ninaandika. Una mke, Bwana, na unakaa kwenye mkeka?" Akavaa viatu, akamuaga Bi Siwema kwa heshima, akaenda zake. Hawakuonana tena, na msomaji asidhani kwamba walipatana.

Mwalimu alilia mpaka magharibi. Bi Siwema aliketi karibu naye bila kumbembeleza, kisha akamwambia aondoke mkekani, anataka kuukung'uta.

Jumatatu alikuja posta amenyoa. Mashavu yalikuwa yamepauka mahali zilipokuwa ndevu, nikaona jinsi alivyokonda. Bahasha aliijaza anwani pale pale dirishani mbele yangu. Alipofika mstari wa mwisho kalamu ilisimama, watu wakamsubiri nyuma yake, kisha akaandika NIGERIA, akanipa. Nilipoigonga mhuri niliona haya, kana kwamba ndimi niliyeandika.

Jibu lilifika Oktoba. Nilimtuma mtu ampelekee habari shuleni, akaja kwa baiskeli na chaki mikononi. Alisomea palepale kwenye benchi la posta. Nilimwachia nafasi, nikajifanya napanga fomu.

Barua ilitoka kwa dada wa Ifeoma. Ngozi alikuwa hai, ana miaka minane, yuko darasa la pili. Ifeoma naye alikuwa amevivuka vita vyote. Njaa haikumuua, mabomu hayakumuua. Baada ya vita aliuza mihogo barabarani, na kila barua zilipofika misheni alikwenda kuuliza, mpaka wale wa misheni wakawa wanamtikisia kichwa tangu mbali. Alikuwa ameandika mara mbili, sisi hatukupata. Februari mwaka ule ule aliugua homa siku nne, akafa. Februari. Miezi sita kabla ya mgeni kuja barazani. Miaka miwili baada ya vita kwisha, alikuwa mzima, wiki tatu tu mbali nasi kwa posta.

Mwalimu alinisomea mwenyewe, akitafsiri kwa Kiswahili chake cha taratibu, sentensi moja moja, kama anavyowasomea wanafunzi. Alipomaliza aliikunja barua vizuri. Nilianza kutafuta maneno ya pole, yale ya heshima niliyoyazoea.

"Bwana Silvanus," alinikatiza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonishinda. "Mimi nilikuwa nimepotea akili. Lakini wewe ulikuwa mzima. Bahasha zilikuwa mikononi mwako, na kalamu unayo. Kwa nini hukuniandikia?"

Ningeweza. Nataka ijulikane kwamba niliwahi kulifikiria, Jumamosi moja ya mwaka 1971, na kalamu ilikuwa mkononi. Kukata neno moja, kuandika jingine juu yake. Nikajiambia kanuni haziruhusu, na zaidi ya kanuni nikajiambia huyu ni mtu mzima, nimheshimu. Mimi, niliyeingia misiba ya Wazaramo wote wa Mlandizi nikawatukana mpaka wakacheka.

Mwalimu alirudi kwao Desemba kumchukua binti yake. Kitanda cha mtoto alimwachia Bi Siwema, na Bi Siwema alikitumia kuwekea mahindi. Mimi nilibaki posta mpaka nilipostaafu mwaka 1984. Swali lile sijalijibu, wala yeye hakungoja jibu. Alipokwisha kuuliza aliomba karatasi na bahasha, akaanza kumwandikia mtoto.