Mtamba wa Mahari ya Truphosa

Léonidas hakuwahi kumpiga ng'ombe maishani mwake, na jambo hilo alilisema kila alipopata wa kumsikiliza. Alilisema kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, shuka za wageni zikizunguka nyuma yake. Alilisema baada ya misa. Alimweleza hata jirani yake wa Haltom City, mtu asiyejua neno la Kiswahili. Alikua akichunga ng'ombe wa baba yake kwenye milima ya Burundi mpaka vita vilipowakimbiza, na kule kambini Tanzania, ambako hakuwa na hata kuku, aliwasifu kwa mdomo ng'ombe walioachwa nyuma, mmoja mmoja kwa jina lake. Watu walilia. Ndivyo alivyopata kazi yake ya pili, ambayo ujira wake ni heshima tu: Mrundi wa Texas akitaka kuoa, humwita Léonidas awe msemaji wa mahari.

Mahari ya huku, tuseme ukweli, haina ng'ombe. Msemaji husimama katikati ya ukumbi akamsifu ng'ombe, pembe zake, macho yake, maziwa yake, kisha bahasha hupitishwa kwenye sinia, watu wakapiga makofi na kurudi kwenye wali wao. Hakuna aliyelalamika. Ng'ombe wa bahasha hali majani.

Basi Claude, mtoto wa dada yake anayeishi Alief kule Houston, akampenda Truphosa, nesi wa Kikenya wa Mansfield. Siku ya utambulisho, Patroba, mjomba wa binti, alisimama kutania kama ilivyo desturi.

“Wakwe zetu, huyu mzee anasifu ng'ombe mpaka unasikia harufu ya maziwa,” alisema. “Lakini kwetu ng'ombe hulia. Bahasha hailii. Ama hiyo yenu hulia ukii-charge kama simu?”

Ukumbi mzima ulicheka. Utani wa wakwe hupokewa, na Léonidas naye alicheka. Ila maneno yale yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Njiani kurudi nyumbani alimwambia mkewe Josiane, “Watamsikia akilia.”

Mwezi wa nane aliteremka Houston, akaenda na Claude kwenye shamba moja nje ya mji kuchagua mtamba. Aliwapita wakubwa, akawapita wanono, akasimama mbele ya mmoja mwekundu wa kahawia mwenye nundu changa. Mtamba yule alimlamba mkono kutafuta chumvi. Léonidas alipomkuna chini ya shingo, alinyoosha kichwa na kufumba macho. Mzee aliendelea kumkuna. Miaka yote ile alisifu ng'ombe wa hewani, na sasa kiganja chake kilikuwa kimepata joto la ng'ombe. Alimpa jina la Bihogo, jina la ng'ombe wa baba yake.

Siku ya mahari walimpakia asubuhi kule shambani kwenye trela la kuazima, nyuma ya pikapu ya Claude. Alikunywa maji akashiba, upepo ulipita kati ya vyuma, na Léonidas aligeuka kumtazama kila baada ya muda. Lakini mbele kidogo ya Corsicana lori lilikuwa limepinduka, magari yakasimama foleni kwenye jua ambalo lingeweza kukaanga yai juu ya boneti. Walipofika Mansfield wageni walikuwa wameketi muda mrefu. Bihogo alikuwa anahema kwa mdomo wazi, mate yakining'inia.

“Mjomba, tuko late sana,” Claude alisema. “Wamesha-start kulalamika. Maji tutampa akishakubaliwa.”

Hapo ndipo Léonidas alipopaswa kusema hapana. Yeye, si Claude aliyekulia kambini na kumjua ng'ombe kwa hadithi tu. Badala yake alichomoa turubai la buluu chini ya kiti. Ng'ombe wa mahari haonekani kabla ya kukubaliwa, hiyo ndiyo desturi, na alitaka kumwona Patroba akipigwa na butwaa. Alilifunika trela pande zote na kulifunga kwa mafundo ya kichungaji, yale yasiyofunguka ovyo. “Kidogo tu, mama,” alimwambia kwa Kirundi. Kisha akaingia kwenye kiyoyozi.

Ndani alipokewa kwa vigelegele. Patroba alikuwa amejiandaa, na hakuwa na haraka. Aliuliza wageni wametoka wapi, wamefuata nini, na huyo ng'ombe ni wa rangi gani, mama yake aliitwa nani. Léonidas alijibu yote kwa madaha, fimbo mkononi. Mara ng'ombe akalia kule nje.

Ukumbi ulilipuka. Patroba mwenyewe alishika kichwa. “Ng'ombe ya ukweli! Ama hiyo ni ringtone?”

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Léonidas hakucheka. Mchungaji hajifunzi lugha ya ng'ombe kitabuni, na mlio ule haukuwa wa kuita wenzake. Ulikuwa wa kiu. Bihogo alilia tena, kwa sauti nene zaidi, na Léonidas akapaza yake, akaanza kumsifu: mrembo wa macho, binti wa malisho, mwenye mwendo wa bibi harusi. Wageni walisimama kumtunza. Waliowahi kumsikia kambini waliapa kwamba hajawahi kusema vile.

Josiane alikuwa ametoka kuchukua barafu ya soda. Alirudi, akainama sikioni kwake. “Baba Inès, ng'ombe anahema vibaya. Nimejaribu kufungua turubai, mafundo yako yamenishinda. Njoo.”

“Ngoja nimalize kuwajibu.”

“Njoo sasa.”

Alimpungia mkono aondoke. Msemaji akikatiza maneno katikati, upande wake umeshindwa. Patroba aliuliza swali jingine, akajibiwa, akauliza jingine. Nje hakukulia tena kitu. Mwishowe Patroba aliinua mikono. “Tumekubali! Mzee, tuonyeshe bibi harusi wa pili!”

Walitoka wakiimba. Léonidas alikata kamba kwa kisu, turubai likaanguka, na joto likatoka mle ndani likampiga usoni. Bihogo alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, shingo imechubuka kwa kujigonga kwenye vyuma. Wimbo ulikatika. Walimwagia maji, barafu, hata soda. Truphosa alipiga magoti kwenye samadi na gauni lake la mahari, akatafuta mapigo chini ya taya kwa vidole vya kazi yake. Jicho la mtamba lilimzungukia Léonidas mara moja, kisha likabaki wazi.

“Pole, mzee,” Truphosa alisema. “Ameenda.”

Mdomo huponza kichwa, walisema wahenga. Wa Léonidas uliponza kichwa cha asiyekuwa na kosa. Aliketi ndani ya trela, kichwa cha Bihogo mapajani, akamkuna chini ya shingo kama siku ile shambani. Patroba alivua kofia akasema ni jua tu, jua la Texas halina adabu. Wote wakaitikia kwamba ni jua.

Josiane ndiye aliyeendesha gari kurudi Haltom City. Waliiacha Mansfield nyuma. Kisha mumewe akaanza kulia, kwa sauti, bila kujifunika uso.

“Nilimsikia, Mama Inès. Tangu mara ya kwanza nilijua anaomba maji.”

“Najua ulimsikia,” Josiane alisema, macho barabarani. “Ndiyo maana ulipaza sauti.”