Gobore Nililolipeleka Newala

Mume wangu alipofariki aliacha mikorosho, shamba la mihogo na gobore, bunduki ya kienyeji ambayo baba yake aliwindia nguruwe pori. Halikuwa na kibali. Serikali ilipotangaza kwamba atakayesalimisha silaha kwa hiari hatashtakiwa, nikaamua kulipeleka.

Kaka wa marehemu alikuja Mnyambe, kijijini kwetu, kunizuia. Alikuwa amelima miaka mingi ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nasikia unagawa mali ya ukoo."

"Naipeleka polisi."

"Sheria haizuii risasi. Kule nilikokaa sheria ipo, na watu wanapigwa risasi."

"Kule vita viliacha bunduki vijijini, shemeji. Sheria inakataza, bunduki ziko majumbani. Itasaidia nini zikibaki humo? Hili gobore litoke kwanza ndani."

Akasema mwanamke hana kauli juu ya kitu cha ukoo. Nikamwambia lipo uvunguni mwa kitanda wanacholalia wanangu. Nikalifunga kwa kanga, nikapanda bodaboda hadi Newala. Askari akalipokea, akaniambia, "Ahsante, mama."

Mwaka ule nguruwe walinimalizia mihogo. Watu walinicheka waziwazi. Nikapanda upya, nikazungushia miiba, na bado waliingia.

Msimu wa korosho, shemeji aligombana na jirani yetu kuhusu mpaka. Alikuja kwangu mbio, shati limechanika, mdomo unavuja damu.

"Lete gobore."

"Lipo Newala."

"Usinidanganye. Najua ulilificha."

Aliingia ndani mwenyewe, akainua godoro, akapekua hadi kwenye magunia. Nilisimama mlangoni nikiwaza nini kingetokea kama gobore lingekuwemo. Akatoka na fimbo. Walipigana, jirani akavunjika mkono. Leo mkono umeunga, na jirani anaokota korosho zake.

Kwenye kikao cha ukoo shemeji alisema, "Sheria yako haikuzuia ugomvi."

"Haikuzuia," nilimjibu. "Ila hatujachimba kaburi."

Nchi za mbali sizijui. Redioni hubishana: huyu anataja nchi yenye sheria kali na mauaji mengi, yule anataja nyingine yenye bunduki tele na utulivu. Wabishane. Mimi niliona mtu mwenye hasira akipekua nyumba yangu na kukosa alichokitaka.

Wazee wa ukoo waliniambia nisihudhurie tena vikao vyao. Nahudhuria, na nakaa mbele.