Asubuhi Ng'ombe Alipozaa Mbele ya Darasa Langu

Nimezaliwa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, nimesomea Eastlands, na ng'ombe nilimjulia Eastlands. Nalisema hili kwa sababu kila Desemba tulipokwenda ushago, kijijini kwa babu, binamu zangu walinicheka, eti sisi wa Nairobi hudhani maziwa hutengenezwa kiwandani kama soda. Mwaka mmoja nilichoka. Nikachukua ndoo, nikachutama kando ya ng'ombe wa babu na kukamua mpaka povu likapanda. Hawakujua kwamba nilikuwa nimefunzwa na shosho mmoja, bibi kizee jirani yetu, mjane aliyefuga ng'ombe kwenye kipande cha ardhi kando ya mto, nyuma ya majumba ya mtaa wa Tena.

Nilipokua nikawa mwalimu wa darasa la pili katika shule ndogo ya kibinafsi mtaani humo humo. Tulipofika somo la wanyama wa nyumbani, niliwauliza watoto maziwa hutoka wapi.

"ATM!" wakajibu kwa sauti moja.

Walimaanisha ile mashine ya kuuzia maziwa dukani, unayotegesha chupa chini ya bomba lake.

"Na ATM inayatoa wapi?"

Msichana mmoja mwenye pengo la meno ya mbele aliinua mkono. "Ticha, kuna lori huja kuijaza."

"Na lori je?"

"Kwa ATM kubwa."

Nilicheka, lakini moyoni niliungua. Ng'ombe walipita chini ya madirisha yetu kila siku wakipekua maganda jalalani, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuwaambia watoto hawa wale ni nani. Nikamwendea mwalimu mkuu, nikamwomba nilipeleke darasa kwa shosho.

"Madam," akasema bila kuinua macho, "wazazi wanalipa karo watoto wajue kompyuta. Hawalipi wakakanyage mavi."

"Mavi hunawika, mwalimu mkuu. Ujinga ndio haunawiki."

"Basi si wakati wa shule."

"Itakuwa Jumamosi."

Jumamosi walikuja waliotaka, wazazi wakiwaleta wenyewe, wengine wamevalia nguo za kanisani. Mamake yule msichana mwenye pengo, kiongozi wa kina mama kanisani kwao, alikuja pia. Aliniambia waziwazi kwamba amekuja kuhakikisha hakuna utovu wa adabu.

Shosho alitupokea langoni akifuta mikono kwenye leso. "Mmekuja siku yake," akasema. "Huyu mwekundu atazaa leo. Utawarudisha ama watakaa?"

"Watakaa, shosho."

Alianza na ng'ombe mwingine, mpole, mweusi kwa mweupe. Alimfunua mdomo watoto waone: mbele juu hakuna meno, ni ufizi mgumu tu.

"Kama mimi!" yule msichana akapiga kelele, na kila mtu akacheka, hata mamake.

Shosho akawaeleza kwamba ng'ombe hukata majani kwa kuyazungushia ulimi, akayameza upesi upesi, halafu baadaye akalala kivulini na kuyarudisha mdomoni ayatafune vizuri. Huko ndiko kucheua. Tumbo lake lina vyumba vinne. Aliwaita mmoja mmoja waweke sikio ubavuni, upande wa kushoto, wasikie linavyonguruma. Wengine waliogopa, kisha wakarudi kwenye foleni mara ya pili.

"Kwa vile humeza kabla ya kutafuna," shosho akasema, "humeza na takataka zenu. Nilikuwa na mtamba wangu mzuri akafa. Tulipompasua, tumbo lilikuwa limejaa mifuko ya plastiki."

Mvulana mmoja akauficha mfuko wake wa biskuti nyuma ya mgongo.

Ndipo ng'ombe mwekundu akalala chini na kuanza kugumia kwa uchungu. Kwato mbili ndogo, nyeupe, zikachungulia. Mama wa kanisa akanijia mbio.

"Mwalimu, toa watoto hapa! Haya si mambo ya watoto. Ni aibu!"

"Mama, hakuna aibu hapa. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa kama mimi na wewe. Hawa wametuuliza walitoka wapi tangu walipojua kusema, na sisi tunawaambia tuliwanunua hospitali."

Alimshika bintiye mkono. Mtoto akaukumbatia mwimo wa banda. "Mum, aki naomba! Pua imetoka!"

Mamake hakumvuta. Aligeuka akatazama ukuta, lakini mkono wa mtoto hakuuachia.

Shosho alishika ile miguu akavuta taratibu, kila mara ng'ombe aliposukuma. Ndama akateleza chini, amelowa, akatulia kimya. Hakupumua. Shosho akamfuta kamasi puani, akachukua unyasi na kumtekenya nao ndani ya pua. Tulisubiri. Ndama akapiga chafya.

Watoto walilipuka kwa shangwe, na nilipotazama, mama wa kanisa alikuwa ameshageuka, machozi yakimtoka. Ng'ombe aliinuka akaanza kumlamba mwanawe kwa ulimi wake wa msasa. Ndama akajaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena. "Simama! Simama!" watoto wakamhimiza, na mwisho akasimama, miguu imetanuka, akatafuta chuchu. Shosho akawaonyesha dang'a, maziwa ya kwanza, mazito na ya manjano, yanayomkinga ndama na magonjwa.

"Haya ni yake," akasema. "Sisi tutangoja."

Jumatatu niliitwa ofisini. Mama wa kanisa ndiye aliyekuwa amenishtaki. Yale machozi nayaamini hata leo, na mashtaka pia nayaamini. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

"Utasimama mbele ya wazazi uombe msamaha," mwalimu mkuu akasema, "kwa kuwaonyesha watoto mambo machafu."

Siku ya mkutano nilisimama kweli. Nikawaambia: "Niliwaonyesha watoto wenu ng'ombe akizaa. Mtoto wa Eastlands ana haki ya kujua dunia kama mtoto mwingine yeyote. Siombi msamaha, na nikipata nafasi nitawapeleka tena." Baba mmoja alipiga makofi peke yake, akaona haya, akaacha.

Darasa langu alipewa mwalimu mwingine, na muhula ulipokwisha niliondoka. Nililia ngazini, si mbele yao.

Sasa nafundisha shule nyingine, upande wa pili wa barabara kuu. Siku ya mahojiano nilimwambia mwalimu mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, kwamba kila mwaka nitawapeleka watoto wakaone ng'ombe, na kama hataki aniambie mapema nisipoteze wakati wake.

"Na wakichafuka?" akauliza.

"Watachafuka," nikamwambia.

Akasogeza kiti. "Kaa chini, mwalimu. Tuzungumze."