Chombo Kilichopewa Jina la Mkwe

Fabiola wa kijiji cha Hirbadaw anauza maziwa, na akiita ng'ombe sauti yake inafika ng'ambo ya korongo. Mimi mzee wa kutembeatembea, nikipita kwao hunipa kikombe kabla sijaomba. Tangu aolewe hajatamka jina la baba mkwe wake, Gidamis. Kwa Wabarbaig mke halitaji, hata akiwa peke yake zizini.

Mwaka huu shule iliandaa igizo la mahafali. Mwalimu Emanuel, ambaye ni mgeni huku, alitunga habari za meli kubwa inayosafiri kwenye nyota, na tumboni imebeba chombo kidogo. Hicho kidogo hutoka, hushuka kuokoa watu, halafu meli hukiita kwa jina ndipo mlango ufunguke. Sauti ya meli akapewa Fabiola.

Chombo kilikuwa fito na ngozi za ng'ombe. Ngozi alitoa Mzee Gidamis, basi asubuhi ya siku yenyewe watoto wakaandika jina lake ubavuni, kwa shukrani. Wao hawakatazwi kulitaja, hawakukumbuka kwamba Fabiola hawezi. Fabiola aliambiwa jina la kuita akiwa ameshasimama mbele ya watu.

Chombo kikazunguka uwanjani, miguu ya watoto ikionekana chini ya ngozi.

"Meli, tuite! Mafuta yanaisha!"

Fabiola akamgeukia mwalimu.

"Mama, ita jina," mwalimu akanong'ona.

"Siwezi, mwalimu."

"Huyo kameza ugali wa moto!" mtu akapiga kelele huko nyuma. Watu wakacheka. Fabiola akajifunika uso kwa khanga. Ndani ya ngozi mtoto mmoja akaanza kulia kwa joto.

Mzee Gidamis alikuwa amekaa mbele na wageni, anatazama makatambuga yake miguuni. Akajiinua kwa fimbo.

"Gidamis! We Gidamis, rudi nyumbani!"

Kicheko kikazidi. Mzee mzima anajiita kama ndama! Chombo kikaingia. Yeye akaketi, na hata soda ilipoletwa hakuinua uso.

Njiani kurudi Fabiola alitembea nyuma yangu na mzee, mbali. Nilipomsubiri akasema, "Babu, wamemcheka kwa sababu ya mdomo wangu."

Asubuhi nilimkuta Gidamis nyuma ya zizi, anakwangua jina lake kwenye ngozi. Aliponiona akaficha kisu ndani ya shuka.

"Wewe shule ulipita kidogo," akasema bila kunitazama. "Wataigiza tena mjini Katesh. Andika Ndama. Hilo binti yangu ataliita."

Nikaokota mkaa, nikaandika.